Saa za kroskantri kutoka Malindi: maili 50 huhesabiwa kutoka wapi?

Mwenye leseni ya rubani wa biashara na saa zake mia mbili na kitu bado ana safari ndefu kufikia leseni ya rubani wa shirika la ndege. Jumla inayotakiwa ni saa 1,500, na hilo kila mwanafunzi analijua tangu siku ya kwanza. Kinachowaponyoka wengi ni kwamba ndani ya hizo 1,500 kuna mafungu, na fungu la kroskantri, yaani safari za uwanja hadi uwanja kwa njia iliyopangwa, halihesabiwi kwa namna moja kila nchi. Mtu anaweza kuruka mwambao huu mpaka daftari likajaa, kisha mkaguzi akaja na rula na ramani akazifuta safari moja baada ya nyingine. Hizo ni fedha za mafuta zilizochomwa bure, na mara nyingi ni fedha za familia nzima.

Kwa hiyo tuanze na kanuni. Kanuni za Kenya zimejengwa juu ya Kiambatisho cha 1 cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Humo, mwombaji wa leseni ya shirika awe ametimiza miaka 21 na awe na saa 1,500. Ndani yake kuwe na saa 250 za rubani mkuu (anayebeba dhamana ya ndege), ambazo angalau 70 awe mkuu hasa na zilizobaki ziweze kuwa za ukuu chini ya usimamizi (au saa 500 zote chini ya usimamizi). Kuwe na saa 200 za kroskantri, angalau 100 kati yake akiwa mkuu au mkuu chini ya usimamizi. Kuwe na saa 75 za kuruka kwa vyombo (kwa kusoma vipimo vya ndani ya ndege bila kutegemea kuona nje), na 30 kati ya hizo zinaruhusiwa kuwa za ardhini kwenye mtambo wa kuigiza. Na kuwe na saa 100 za usiku. Mtambo wa kuigiza unaweza kuchangia mpaka saa 100 katika jumla kuu, lakini hauwezi kukupa hata dakika moja ya kroskantri.

Marekani ni habari nyingine. Cheti chao kinataka miaka 23, saa 1,500, na kroskantri 500 badala ya 200. Usiku 100, vyombo 75, ukuu 250, na ndani ya huo ukuu kuwe na kroskantri 100 na usiku 25. Kuna cheti chao chenye masharti kwa mwenye miaka 21, ambacho kroskantri hushuka mpaka 200. Lakini tofauti kubwa zaidi iko katika maana ya safari yenyewe. Kwa cheti cha shirika, Wamarekani huhesabu tu safari iliyofika zaidi ya maili 50 za baharini kwa mstari ulionyooka kutoka pale ulipoanzia safari. Si lazima utue huko. Ukifika, ukageuka, ukarudi, saa zote za safari hiyo ni zako. Usipofika, huna kitu, hata kama uliruka saa tatu ukizunguka.

Nashauri kila rubani wa pwani apange kila safari kwa kipimo kikali zaidi tangu mwanzo, hata kama leo hana nia ya kuvuka bahari. Safari inayokubalika kwa maili 50 itakubalika pia Nairobi, kwa wakaguzi wa Kenya. Kinyume chake si hakika. Na kwa anayeanzia Malindi, kupanga hivyo hakugharimu chochote, kwa sababu ya mahali ulipo uwanja wenyewe.

Tazama umbali, wa mstari ulionyooka na kwa maili za baharini. Malindi hadi Manda, uwanja wa Lamu, ni 76. Malindi hadi Moi Mombasa ni 57. Malindi hadi Ukunda ni 71. Malindi hadi Voi ni kama 94. Malindi hadi Wilson, Nairobi, ni 228. Manda hadi Mombasa ni 133, na Malindi imekaa karibu juu kabisa ya mstari huo. Basi viwanja vyote vikubwa vya mwambao viko nje ya duara la maili 50 la Malindi. Anayeanzia Mombasa hana raha hiyo: upande wa kusini Ukunda iko karibu mno, na upande wa kaskazini Kilifi vilevile.

Mitego iko katikati. Malindi hadi Vipingo ni maili 39 tu. Ukienda Vipingo ukarudi umeruka maili 78, umepoteza asubuhi yako, na kwa hesabu ya Marekani umepata sifuri ya kroskantri. Lakini Malindi, Vipingo, kisha Mombasa, safari yote inahesabika, kwa kuwa Mombasa iko 57 kutoka ulipoanzia. Ndiyo maana sehemu ya kuanzia iandikwe wazi. Mtego mwingine ni Mtwapa. Kuna wanaoshuka kusini bila kuomba ruhusa ya kuingia anga la Mombasa, wakageukia juu ya mkono wa bahari wa Mtwapa, wakaandika kroskantri. Mtwapa iko kama maili 48 kutoka uwanja wa Malindi. Maili mbili hizo ndizo zinazofuta safari nzima. Omba ruhusa, ingia, utue. Ukiondoka Mombasa nyuma ya ndege kubwa ya abiria, subiri dakika 2 ili vimbunga vya mabawa yake vipite, au dakika 3 kama unaanzia katikati ya barabara ya kurukia badala ya mwanzoni. Mnara ukikuharakisha, mwombe muda. Hawatakunyima.

Jambo dogo kwa ambaye bado anatafuta leseni ya biashara: ile safari moja ndefu ya kilomita 540, maili 300 (vipimo hivyo viwili vya kanuni havilingani sawasawa), yenye kutua kabisa katika viwanja viwili tofauti. Wengi hupanga Malindi, Manda, Ukunda, Malindi. Jumla yake ni maili 294 hivi. Kwa kilomita inapita, kwa maili imepungua, na hakuna haja ya kubishana na mtahini juu ya maili 6. Malindi, Manda, Mombasa, Voi, Malindi inafika karibu 378, na inakuonjesha bara na pwani kwa siku moja.

Sasa njia ya Lamu, maana hiyo ndiyo itakayokupa saa nyingi kuliko zote.

Njia iliyonyooka kutoka Malindi hadi Manda ni nyuzi 040, na kurudi 220. Ukiwa juu ya futi 3,000, kwenda chagua 3,500 au 5,500, kurudi 4,500 au 6,500. Alama za ardhini mwanzoni ni rahisi: mdomo wa Sabaki na maji yake ya udongo yakiingia baharini, Mambrui, mashamba ya chumvi ya Gongoni yanayong'aa meupe, kisha rasi ya Ngomeni na majukwaa ya chuma ya Waitaliano baharini. Hapo ndipo setelaiti ya Uhuru iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970, na mpaka leo hakuna alama ya baharini iliyo wazi kuliko hayo majukwaa kati ya Malindi na Kipini. Soma ramani na NOTAM (matangazo ya anga kwa marubani) za siku hiyo kabla ya kuyasogelea.

Baada ya Ngomeni, pwani inajikunja ndani na kufanya ghuba ya Ungwana. Mstari wako wa 040 haukujikunja. Unakata bahari, na kwa sehemu ya njia unakuwa mbali na ufuo kuliko ndege ya injini moja inavyoweza kuteleza ikizimika. Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, huteleza kama maili 1.5 kwa kila futi 1,000 za kimo, upepo ukiwa umetulia. Kwa futi 5,500 una maili 8 na kidogo, na ghuba inakutaka zaidi. Kuna wanaovuka moja kwa moja wakiwa wamevaa majaketi ya kuokolea, na sheria inaweza kuwaruhusu. Kwa mwenye injini moja naona hakuna sababu. Fuata ufuo. Unaongeza maili kadhaa na dakika chache, na dakika ndizo ulizotoka kuzitafuta. Umbali wa kroskantri hupimwa kwa mstari ulionyooka kutoka ulipoanzia, lakini saa huhesabiwa zote ulizoruka, pamoja na mzunguko wa ghuba. Jaketi livaliwe hata hivyo. Likiwa limefungwa nyuma ya kiti halitakusaidia lolote.

Ukanda wa delta ya Tana usiuamini kwa sura. Baada ya mvua maji husambaa, na mabwawa unayoyaona chini hayamo katika ramani yoyote. Shika ufuo mpaka mdomo wa mto pale Kipini, ndipo upige saa na kukokotoa upya muda wa kufika. Kutoka Kipini utaona mikono ya bahari na mikoko, kisha vilima vya mchanga vya Shela, na uwanja uko ng'ambo, kisiwani Manda. Kaskazini zaidi ya hapo usiende kwa kujaribu tu. Soma NOTAM na upate kibali kwanza.

Hesabu ya upepo ifanyike kila siku, maana pwani hii ina pepo mbili zenye tabia tofauti. Chukua kusi, upepo kutoka nyuzi 180 kwa noti 18 (maili za baharini kwa saa), na ndege ya noti 105. Kwenda Manda pua ielekee 046, kasi juu ya ardhi inafika 118, na unafika kwa dakika 39. Kurudi pua iwe 214, kasi inashuka mpaka kama 91, na dakika zinakuwa 50. Jumla dakika 89 hewani. Ukiongeza kutembea ardhini pande zote mbili, daftari litapokea karibu saa 1.8. Kusi hukusukuma kushoto unapokwenda, yaani kuelekea nchi kavu, jambo ambalo kwa anayefuata ufuo si baya. Kaskazi, wa Desemba hadi Machi, unakuja moja kwa moja puani ukienda na mgongoni ukirudi. Jumla ya dakika inabaki ileile karibu.

Tatizo la kaskazi liko katika kutua. Barabara ya Manda ni 15/33, yaani inaelekea nyuzi 150 na 330. Kaskazi ikivuma kutoka 050 kwa noti 16, inapiga barabara hiyo karibu pembe mraba: noti 15 na zaidi za ubavu. Vitabu vya Cessna 172 vinataja noti 15 kama upepo wa ubavu ulioonyeshwa katika majaribio. Basi uko ukingoni kabisa, na ukiongeza mapigo ya upepo umeshapita. Saa hiyohiyo Malindi haina shida, kwa kuwa ina barabara mbili. Ukitumia 08, upepo uleule unakuwa noti 8 za ubavu na karibu 14 za mbele. Ila 08/26 ndiyo fupi kuliko 17/35, kwa hiyo kokotoa umbali wa kutua kwanza. Wakati wa kusi hali ni nzuri kote: 17 Malindi, 15 Manda.

Hapa ndipo mipango ya wengi huvunjika. Wanatoka Malindi saa nne asubuhi kwa barabara iliyowakubali, wanafika Manda saa tano upepo umeshapanda, na hawakuweka akilini kwamba uwanja wa kufikia hauna barabara ya pili. Msimu wa kaskazi ondoka mapema, mnara ukifunguliwa tu, uwe umetua Manda kabla upepo wa bahari haujaungana na kaskazi. Amua kikomo chako ukiwa bado ardhini, kwa noti, na ukiandike kwenye karatasi ya mpango. Ukifika, upepo ukizidi hapo, usijaribu mara tatu. Pita juu ya uwanja, geuka, rudi Malindi. Safari yako imeshapita maili 50 na saa zote zinahesabika kwa kanuni ya Marekani, hata bila kutua. Kwa Nairobi andika wazi kwamba ulifika Manda kwa mpango ukarudi, ili mkaguzi aione safari iliyopangwa yenye sababu ya kurudi.

Joto nalo. Manda iko futi 20 tu juu ya bahari, Malindi kama 80, na mtu hufikiri ndege itaruka kama kitabu kinavyosema kwa usawa wa bahari. Kwa nyuzijoto 32 hewa inakuwa nyepesi kama ya futi 2,000. Ukiwa na abiria wawili na matangi yamejaa, utaona barabara ikila mita nyingi kuliko za asubuhi. Angalia jedwali la kuruka kwa joto halisi, usilikisie. Na kwa injini ya kabureta, unyevu huu wetu ni hatari unaposhuka na nguvu imepunguzwa: barafu hujijenga ndani ya kabureta hata nje kukiwa na joto la nyuzi 25 au zaidi. Vuta kipasha joto cha kabureta kabla ya kupunguza nguvu, wala usingoje injini ianze kukohoa.

Mafuta. Cessna 172 yenye matangi ya kawaida ya toleo la N ina galoni 40 za Kimarekani zinazotumika, yaani lita 151. Kwa lita 32 kwa saa, dakika 89 za kwenda na kurudi ni lita 48. Weka 8 za kutembea na kupanda mara mbili. Weka 20 za kwenda Mombasa iwapo Malindi imefungwa ukirudi, kwa upepo wa mbele wa kusi. Akiba ya kisheria ya mchana ni dakika 30, lita 16, na ya usiku ni dakika 45. Umefika 92. Mimi ningeongeza nusu saa nyingine, 108, na bado matangi yana nafasi. Maana yake unaweza kwenda na kurudi bila kutegemea mafuta ya Manda, na hivyo ndivyo inavyopaswa kupangwa. Mafuta ya injini za pistoni hayapatikani kila uwanja. Hakikisha kwa simu kabla ya kuondoka, na ukijaziwa, simama hapo mwenyewe uangalie rangi. Avgas ya 100LL ni ya buluu. Mafuta ya ndege za jeti hayana rangi hiyo na yana harufu ya mafuta ya taa. Ndege nyingi zinazotua Manda ni za turbini, kwa hiyo lori la mafuta lisilo lako linaweza kukusogelea kwa nia njema kabisa.

Pia pima kwa kijiti, usiamini geji. Na kila asubuhi toa mafuta kidogo kwenye kila tundu la chini ya tangi uangalie maji. Usiku wa pwani una unyevu, na tangi lililolala nusu tupu hukusanya maji kwa ndani. Ndege inayolala Malindi ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na bawaba, nyaya na viungio vipakwe dawa ya kuzuia kutu. Chumvi ya hapa inakula alumini kimyakimya chini ya rangi. Anayekodisha ndege aangalie hasa sehemu za chini za mabawa na mizizi ya mkia kabla ya kukubali.

Kuhusu kukodi: uliza kama bei inahesabiwa kwa saa ya Hobbs (inayohesabu muda) au kwa takometa. Takometa huhesabu mizunguko ya injini, hivyo ukiendesha taratibu inahesabu polepole. Kwa anayejenga saa, kushuka mpaka mizunguko 2,200 kwa dakika na kupunguza mchanganyiko wa mafuta kama kitabu kinavyoagiza kunaweza kukushusha kutoka lita 32 mpaka karibu 26 kwa saa. Unakwenda polepole, unakaa hewani zaidi, unalipa kidogo. Usifanye hivyo kwa injini iliyotoka kutengenezwa upya; hiyo inahitaji nguvu kubwa ili pete za pistoni zikae vizuri.

Wawili wakigawana ndege, gharama inapungua nusu, lakini kanuni zishikwe. Katika ndege ya rubani mmoja, mwenye kuongoza ndiye anayeandika. Mwenzake ni abiria, hata kama ana leseni bora kuliko yake. Njia safi ni mmoja kuruka kwenda Manda na mwingine kuruka kurudi, kila mmoja akaandika mkondo wake. Mikondo yote miwili ni maili 76, kwa hiyo hakuna anayepunjwa. Marekani inamruhusu anayemlinda mwenzake aliyevaa kizuizi cha macho kwa mazoezi ya vyombo kuandika muda wake, lakini kroskantri haimo: hiyo ni ya yule tu aliyeruka, akaongoza njia na kutua. Kenya usijaribu kuandika muda huo wa mlinzi kabisa.

Daftari sasa. Muda wa kuruka huanza ndege inapoanza kutembea kwa nia ya kuruka, na huisha inaposimama kabisa baada ya kutua. Hobbs mara nyingi huanza injini inapowaka, na dakika za kupasha injini moto si za kuruka. Tofauti ni dakika 5 au 6 kila safari, lakini katika safari mia zinafika saa 10 za uongo, na mkaguzi akilinganisha daftari lako na kitabu cha ufundi cha ndege ataziona. Andika kwa saa za UTC (saa ya kimataifa), yaani toa 3 kutoka saa zetu za Afrika Mashariki zinazoanzia usiku wa manane. Ukitumia desimali, dakika 6 ni 0.1. Saa 1 na dakika 45 ni 1.75, na kosa la kuiandika 1.45 ni la kawaida mno katika madaftari ya wanafunzi wa hapa.

Tumia alama za viwanja: HKML, HKLU, HKMO, HKNW. Chora safu mbili za kroskantri badala ya moja: ya kwanza ya safari zote zilizopangwa uwanja hadi uwanja, ya pili ya zile zilizopita maili 50 kutoka mwanzo. Safari yenye vituo vya karibu, kama Malindi, Kilifi, Mombasa, iandikwe mstari mmoja ili chanzo kionekane, na umbali wa mstari ulionyooka uwekwe kwenye maelezo. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja na utie sahihi. Usifute, usipake dawa nyeupe. Piga picha kila ukurasa ukijaa, uhifadhi mahali pawili. Saa za kalamu, zile zilizoandikwa bila kuruka, huonekana: mnara una kumbukumbu zake, uwanja una stakabadhi za ada ya kutua, mwenye ndege ana kitabu chake. Basi tunza stakabadhi za Manda na Mombasa pamoja na mpango wa safari uliowasilishwa. Na mpango ufungwe ukitua. Usipofungwa, kuna watu wataanza kukutafuta.

Saa za usiku panga mbali na za mchana. Usiku wa kuandika huanza mwisho wa machweo ya kiraia, karibu dakika 20 baada ya jua kuzama kwetu, si jua linapogusa upeo. Soma kitabu cha taarifa za anga, AIP, uone uwanja upi una taa na saa zake za kazi. Mombasa ndiyo ya kutegemewa. Tahadhari na bahari ya giza: ukiruka kuelekea baharini usiku usio na mwezi hakuna upeo, na mwili utakudanganya kwamba unapanda hali unashuka. Aliyezoea vyombo tu ndiye aende, na saa hizo ataziandika usiku, kroskantri na, pale masharti yanapotimia, vyombo, kwa safari moja.

Mwisho, kwa atakayepata kazi ya rubani msaidizi kwenye ndege za Cessna Caravan zinazobeba watalii Lamu na Malindi. Ndege hiyo imeidhinishwa kwa rubani mmoja. ICAO inasema kwamba pale ambapo nchi inataka awepo msaidizi katika ndege ya namna hiyo, muda wake unahesabika hadi nusu tu kuelekea leseni ya juu. Nchi inaweza kuuhesabu wote ikiwa ndege ina vifaa vya rubani wa pili na inaendeshwa kwa utaratibu wa marubani wawili. Kabla ya kusaini mkataba, uliza kampuni ikuonyeshe katika mwongozo wake ulioidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya kama ina utaratibu huo, na uombe barua. Saa za ukuu chini ya usimamizi ziwe na sahihi ya kapteni siku ileile, maana makapteni huhama, na kumfuata mmoja Dubai kwa sahihi ya safari ya miaka mitatu iliyopita ni kazi ngumu.